Upanga wa Samurai, Panga la Mkulima

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi vijana habari za jioni. Nilipoombwa nizungumzie maneno ya Kijapani yaliyohamia lugha nyingine, rafiki yangu mmoja alinicheka: "Dakika mbili tu utakuwa umemaliza. Karate, judo, sushi, kwaheri." Haya, tuone.

Mnaikumbuka bendera ya Angola? Nyekundu juu, nyeusi chini, na katikati kipande cha gurudumu lenye meno, nyota na panga. Katiba yao imeandikwa kwa Kireno, na panga hilo inaliita catana. Vukeni Ruvuma muingie Msumbiji, mkulima anayekwenda kufyeka naye, kwa Kireno chake, ameshika catana. Basi neno hilo ni la Kijapani: katana, upanga wa samurai, wale wapiganaji wa zamani wa Japani.

Hapa ndipo ninapopapenda. Mwaka 1588 mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, alitoa amri kwamba wakulima wanyang'anywe silaha zote, panga zikiwemo. Katana ikabaki kiunoni mwa wapiganaji. Lakini jina lake lilikwishapanda merikebu. Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543, wakaja kufukuzwa mwaka 1639, na katika miaka hiyo walikuwa wakipita Nagasaki ya Japani, Macau ya China, Goa ya India na pwani zetu hizi. Ndio haohao walioanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593. Midomoni mwao katana ikawa catana, na catana ikashuka daraja hadi shambani. Kile alichonyang'anywa mkulima wa Japani, mkulima wa Msumbiji anacho, kwa jina lilelile.

Msishangae sana. Sisi wenyewe upanga na panga ni ndugu wa tumbo moja, mmoja alikwenda vitani na mwingine akaenda shamba. (Na jamaa zangu wa Kilifi mnaoitwa Katana, msikimbilie ubalozini kuomba pasipoti. Hilo ni jina la Kimijikenda, yamefanana tu.)

Wareno waliacha vitu kotekote. Neno lao carta sisi tunacheza karata, Wajapani wanacheza karuta. Mzee wa Lamu na mzee wa Nagasaki hawajawahi kuonana, na jina la mchezo wanalo moja.

Sasa niwapandishe bajaji. Mnamo 1870 hivi, mjini Tokyo, lilizuka gari dogo la kukokotwa na mtu, likaitwa jinrikisha: jin ni mtu, riki ni nguvu, sha ni gari. Waingereza waliona refu, wakakata kichwa, ikabaki rickshaw. Kilichokatwa ni yule jin, yaani mtu mwenyewe! Akaanguka kwenye neno huku bado anahema mbele ya gari. Baadaye likatiwa injini, na huko India jina wakaliacha lilelile la nguvu, na hakuna tena anayeuliza ni nguvu za nani. Lilipofika kwetu tukaliita kwa jina la kiwanda. Wakenya wengi wao wanaliita kwa mlio wake, tuktuk.

Karate na karaoke wanachangia kara, "tupu". Karate ni mkono mtupu, ingawa zamani iliandikwa kwa alama yenye maana ya China. Walimu wa karate wa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, walikubaliana rasmi juu ya hiyo ya "tupu" mwaka 1936. Karaoke ni okestra tupu, kwa sababu wapigaji hawapo. Na hiyo "oke" ni okestra iliyokatwa mkia, waliyoichukua Wajapani kutoka Ulaya, wakairudisha duniani ikiwa haitambuliki.

Tsunami sitaitania. Tsu ni bandari, nami ni wimbi. Wengi wetu tulilisikia neno hilo mara ya kwanza tarehe 26 Desemba 2004, siku ambayo wimbi lililoanzia Sumatra lilifika hadi Somalia, na hata Dar es Salaam watu waliokuwa wakiogelea walikufa maji. Leo nasikia "sunami ya kisiasa" wakati wa kampeni, na kila mara nawakumbuka wale waogeleaji.

Naona mkono kule nyuma. Emoji? Ndiyo mwanangu, nalo ni lao. E ni picha, moji ni herufi. Kufanana kwake na neno la Kiingereza la hisia, emotion, ni bahati tu, kama Katana wa Kilifi.