Virusi Dhidi ya Bakteria: Bakteriofaji katika Shamba la Nyanya

ZUHURA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Leo tunazungumzia magonjwa ya mboga yanayoletwa na bakteria, na namna ya kuyadhibiti kwa kutumia bakteriofaji, au kwa kifupi faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria peke yao. Nipo na mwenzangu katika kipindi hiki, Mwalimu Idrisa, ambaye somo la afya ya mimea amelifundisha kwa muda mrefu. Mwalimu, faji ni kitu gani hasa?

IDRISA: Asante, Dada Zuhura. Faji ni kirusi, na kama virusi vingine hakiwezi kuzaliana nje ya seli hai. Tofauti yake na virusi tunavyoviogopa ni kwamba huingia katika bakteria tu, tena si bakteria yeyote. Hunasa kwenye vipokezi maalumu vilivyo juu ya ukuta wa bakteria, na vipokezi hivyo visipokuwepo hakuna kinachotokea. Vikiwepo, faji huingiza ndani chembe zake za urithi, huilazimisha seli iache shughuli zake na kutengeneza faji nyingine, kisha seli hupasuka na kuachia makumi au mamia ya faji mpya, ambazo nazo huanza kutafuta bakteria wengine wa aina ileile. Mmea wenyewe hauguswi, wala mlaji wa nyanya, wala nyuki anayetembelea maua.

ZUHURA: Nilipoandaa kipindi hiki nilishangazwa na umri wa wazo lenyewe. Frederick Twort aliviandika virusi hivi nchini Uingereza mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akavitangaza kwa jina la bakteriofaji mwaka 1917 akiwa katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1924, Mallmann na Hemstreet walichuja majimaji ya kabichi iliyooza na kuona kwamba mchujo ule unazuia ukuaji wa bakteria wa uozo mweusi wa kabichi. Mwaka uliofuata Coons na Kotila walitumia faji kuzuia uozo laini katika vipande vya karoti. Kisha mwaka 1935 mtafiti Thomas alitibu kwa faji mbegu za mahindi zenye vimelea vya mnyauko, na mimea iliyougua ikapungua kutoka asilimia 18 hadi asilimia 1.4. Kwa matokeo kama hayo, kwa nini wazazi wetu hawakuzikuta faji katika maduka ya pembejeo?

IDRISA: Kwa sababu matokeo mazuri ya maabara hayakufuatana na matokeo ya shambani, na watu wa wakati ule hawakuwa na vifaa vya kuwaeleza ni kwa nini. Zaidi ya hayo, zilikuwepo njia zilizoonekana rahisi zaidi. Mkulima alikuwa na mrututu na viuatilifu vingine vya shaba, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja streptomaisini, dawa ya kuua bakteria, ambayo katika miaka ya 1950 ilipuliziwa mashamba ya nyanya huko Florida. Bakteria walikuwa sugu kwa dawa hiyo ndani ya muda mfupi. Shaba nayo ilidumu zaidi, lakini mwaka 1983 Marco na Stall walichapisha ushahidi wa bakteria wa ugonjwa wa madoa ya pilipili hoho, unaoshika pia nyanya, waliokuwa wakiivumilia. Usugu huo ndio uliowarudisha watafiti kwenye faji.

ZUHURA: Kwa msikilizaji ambaye hajalifahamu jina la ugonjwa huo, tunazungumzia madoa bakteria: vidoa vidogo vyeusi vinavyoanza kama alama za majimaji kwenye majani ya chini, ambavyo huungana hadi jani likakauka, na tunda likatoka na magaga yanayoliondolea bei sokoni. Mvua za upepo hurusha matone kutoka mmea hadi mmea, na ugonjwa husambaa shambani kwa kasi inayokatisha tamaa.

IDRISA: Ndivyo ulivyo. Na Florida ndipo tulipojifunza mambo ya msingi kuhusu faji za shambani, hasa kwa kazi ya Jeffrey Jones, Botond Balogh na wenzao katika Chuo Kikuu cha Florida. Waligundua kwamba adui mkubwa wa faji juu ya jani ni jua. Mionzi ya urujuanimno huziharibu upesi sana, ukavu na joto huongezea, na hata masalia ya shaba juu ya jani huziangamiza. Kwa hiyo mkulima aliyepulizia faji asubuhi saa nne, kama anavyopulizia dawa nyingine, alikuwa akiziua kabla hazijakutana na bakteria.

ZUHURA: Walifanya nini?

IDRISA: Walibadilisha saa ya kupulizia, wakaanza kufanya hivyo jioni jua linapozama, ili faji zipate usiku mzima wenye unyevu wa umande, wakati ambapo bakteria nao wanaongezeka. Kisha wakatafuta kitu cha kuzikinga. Mwaka 2003 Balogh na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba faji zilizochanganywa na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kwa kiasi cha asilimia 0.75, pamoja na sukari asilimia 0.5, hudumu juu ya jani muda mrefu kuliko zile zilizopuliziwa katika maji matupu, na hupunguza ugonjwa vizuri zaidi. Mimi nayapenda sana matokeo haya, kwa sababu hayakuhitaji mtambo wala kemikali ya ghali. Yalihitaji mtu aliyejiuliza faji inakufa saa ngapi na kwa nini.

ZUHURA: Je, bakteria hawawi sugu kwa faji kama walivyokuwa sugu kwa shaba?

IDRISA: Huwa sugu, na hakuna sababu ya kulificha jambo hili. Bakteria anaweza kubadilisha kipokezi, na faji ikakosa pa kushika. Kuna pia tatizo la aina mpya kuingia: huko huko Florida, mwaka 1991 lilionekana kundi la bakteria wa madoa ambalo baadaye lilitambuliwa kuwa Xanthomonas perforans, na likalisukuma nje kundi lililokuwepo, kwa sababu lilitoa protini zinazowaua wapinzani wake. Faji iliyochaguliwa kwa ajili ya kundi la zamani ingekuwa haina kazi. Ndiyo maana bidhaa ya AgriPhage ya kampuni ya Omnilytics ya Utah, ambayo mwaka 2005 ilisajiliwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani kwa ajili ya nyanya na pilipili, ni mchanganyiko wa faji kadhaa.

ZUHURA: Hapa nyumbani mkulima wa nyanya au viazi mviringo atatuuliza zaidi juu ya mnyauko bakteria, wa Ralstonia solanacearum, unaoulaza mmea ukiwa bado kijani. Huo haukai juu ya jani. Unakaa udongoni na ndani ya mishipa ya shina, na hushambulia zaidi ya aina 200 za mimea.

IDRISA: Na dawa ya kupulizia haimfikii bakteria huyo, jambo linalofanya faji ziwe na thamani kubwa zaidi hapo, kwa sababu udongo huzikinga na jua. Mwaka 2011 kundi la Chuo Kikuu cha Hiroshima nchini Japani lilitoa taarifa ya faji kubwa iitwayo RSL1. Miche ya nyanya iliyotibiwa kwa faji hiyo ilibaki hai yote, ilhali isiyotibiwa ilikuwa imenyauka yote kufikia siku ya 18 tangu kuambukizwa. Faji zilizo hai zilipatikana kwenye mizizi na udongoni hata baada ya miezi 4. Lakini tazama jambo hili: walipoichanganya RSL1 na faji nyingine mbili zinazoua kwa kasi, bakteria sugu walijitokeza baada ya takriban saa 30, na RSL1 peke yake ndiyo iliyowadhibiti kwa utulivu.

ZUHURA: Hilo linapingana na wazo la mchanganyiko ulilolisema.

IDRISA: Linapingana nalo kwa sehemu, na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing nchini China, pamoja na wenzao, waliongeza upande wa pili. Katika vibanda vya kuoteshea mimea na mashambani waliona kwamba kadiri idadi ya faji katika mchanganyiko inavyoongezeka ndivyo ugonjwa unavyopungua, hadi kwa asilimia 80. Bakteria walionusurika walikuwa sugu, lakini usugu huo waliulipia kwa kukua polepole, na bakteria wengine wa udongo wanaompinga Ralstonia wakaongezeka. Mimi nasoma matokeo haya mawili hivi: wingi wa faji pekee hautoshi, kwani lazima ujue kila moja inafanya nini na usugu dhidi yake unamgharimu bakteria kiasi gani. Tena si kila faji ni rafiki. Baadhi hukaa ndani ya bakteria bila kumuua, na iko faji yenye umbo la uzi, RSS1, ambayo Ralstonia akiwa nayo huwa mkali zaidi kwa mmea. Mtu anayechota majimaji ya shamba lenye ugonjwa na kuyamwagia miche kwa matumaini ya faji anaweza kulizidisha tatizo.

ZUHURA: Niongeze la upande wa mkulima. Nyanya ikinyauka, chanzo kinaweza kuwa kuvu wa Fusarium, na faji hazina lolote la kumfanya kuvu. Kipimo rahisi kinajulikana na maafisa ugani wengi: kata kipande cha shina bichi karibu na udongo, kining'inize katika glasi ya maji safi yaliyotulia, usubiri dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria.

IDRISA: Kipimo hicho kingetangulia ununuzi wa faji yoyote. Na anayeuziwa chupa ya faji aulize namba ya usajili, kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, hapa Tanzania au kwa bodi ya viuatilifu ikiwa yuko Kenya.

ZUHURA: Usajili wenyewe hautakuwa kikwazo? Kiuatilifu cha kawaida husajiliwa kikiwa na kiambato kisichobadilika.

IDRISA: Hapo ndipo ninapoona kazi iliyo mbele yetu. Kiambato cha faji ni lazima kibadilike bakteria anapobadilika, na kila badiliko likihesabiwa kuwa bidhaa mpya, itakayoanza majaribio upya, mchanganyiko utafika shambani ukiwa umepitwa na wakati. Ningependa mamlaka zetu zisajili kundi la faji za ugonjwa mmoja pamoja na utaratibu wa kulirekebisha: faji mpya ithibitishwe kwamba inaua bakteria badala ya kujificha ndani yake, kwamba haibebi jeni za sumu, na kwamba inawapata bakteria waliokusanywa katika mashamba yetu wenyewe, kuanzia Njombe na Mbeya hadi Nyandarua. Makusanyo hayo ya bakteria yanaweza kuanza sasa katika maabara za vyuo vyetu, bila kusubiri bidhaa yoyote kutoka nje.