Kukata rufaa: hatua kwa hatua

Hukumu imesomwa, umeshindwa, na umetoka mahakamani unatetemeka kwa hasira. Karibu kwenye video hii. Kabla ya kitu kingine, fungua kalenda.

Siku za rufaa huanza kuhesabiwa uamuzi unapotolewa, wala hazikungoji upoe. Kenya, rufaa ya madai kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 30. Tanzania, kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya, nazo ni 30. Marekani, ombi kwa Mahakama ya Juu lina siku 90. Wewe uliza masijala, ofisi ya mahakama inayopokea na kutunza majalada, ukiwa bado hapo hapo. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na utabanwa ueleze ulikuwa wapi.

Hatua ya pili: omba kwa barua nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Baki na nakala ya barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mwenendo ukikawia kuchapwa, barua hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba hukulala.

Ya tatu ni sababu za rufaa, na hapa tusiharakishe. Kwa kawaida mahakama ya juu haiwaiti mashahidi upya, inasoma kilichoandikwa. Kwa hiyo "hakimu alinionea" haikufikishi popote. Linganisha na hii: "Hakimu alikosea kisheria kupokea mkataba kama kielelezo bila kunipa nafasi ya kuupinga, ukurasa wa 14 wa mwenendo." Kosa linaonekana, na mahali lilipo panajulikana. Ongeza limekudhuru vipi: kwamba mkataba huo ndio uliokuangusha. Sababu tatu za namna hii zinatosha. Kuna watu huorodhesha kumi na tano, zote zikirudia lile lile, na jaji anachoka kabla ya ile yenye uzito.

Kisha wasilisha hati, lipa ada, tunza risiti, mpelekee mjibu rufaa, yaani yule aliyekushinda, nakala yake.

Umemaliza? Bado. Mara nyingi rufaa peke yake haizuii hukumu kutekelezwa. Kama nyumba iko hatarini, peleka ombi la kusimamisha utekelezaji, na ulipeleke mapema. Mnada ukishapita, unaweza kushinda rufaa ukakuta mlango umebadilishwa kitasa.