Bukavu kwenye Karatasi: Rasi, Weupe na Reli Isiyopanda

Wazazi, wakubwa zangu, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma, jambo kwenu. Sogeeni karibu na meza.

Hii ni ramani ya mji wetu ulipokuwa ukiitwa Costermansville. Tuanzie ziwani. Rasi tano zinaingia Kivu kama vidole vya mkono. Hiki kidole tunakiita La Botte, yaani buti. Ukienda pale kwa miguu utaona kuta na maji tu, buti hulioni. Aliyelipa jina aliutazama mji toka juu, na waliopanga mji nao waliutazama hivyohivyo: Wazungu rasini, kwenye upepo wa ziwa, Waafrika mteremkoni Kadutu, halafu, miaka ya 1950, Bagira na nyumba zake za mistari.

Sasa naitandaza kalki, karatasi nyembamba ya kunakilia, juu yake. Nimeichora mwenyewe, nikifuata nyumba za leo. Angalieni hapa Kadutu, kandokando ya mto Kawa: palipokuwa peupe pamejaa wino hadi kalki imelainika. Ule weupe ulikuwa miteremko mikali, udongo usioshika msingi. Waliokimbia vita vijijini walifika, wakajenga palipobaki. Mvua kubwa ikinyesha usiku, ndipo nyumba zinaposhuka na watoto ndani. Siwezi kuizungumzia karatasi hii kwa sauti kavu, mniwie radhi.

Kuna mstari mwingine hamtauona, maana haukujengwa kufika hapa. Reli ya Kivu ilitoka Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, ikafuata bonde la mto Ruzizi, ikakomea Kamanyola. Nia ilikuwa kuunganisha Tanganyika na Kivu. Lakini kati ya maziwa hayo Ruzizi huteremka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko baina ya Kamanyola na hapa tulipo. Treni haikupanda. Mizigo ilihamishiwa kwenye malori, ikapandishwa mlima wa Ngomo. Leo hata reli yenyewe haipo, Ngomo ipo, na kila mfuko wa saruji unaoletwa kwa njia hiyo umebeba bei ya mlima ule.

Waliopanga mji na reli, wote walichora toka juu. Kalki nyingine ziko kikapuni, pale mlangoni. Kila mmoja achukue moja, achore avenyu yake, aonyeshe maji ya mvua yanapita uwanja wa nani. Jumamosi tutaziunganisha mezani hapa.