Brigedi Tano za Baghdad: Ubishi wa Kuongeza Wanajeshi Katika Vita Vilivyochakaa

Ndugu wasikilizaji,

Vita vya ugenini vikishapita mwaka wa tatu au wa nne, ombi la kuongeza wanajeshi huzua ubishi wa aina moja: umma hushika idadi, wabunge hushika idadi, na swali la kazi ya hao wanaoongezwa hubaki nje. Leo nitakaa zaidi na Iraq ya mwaka 2007, kwa kuwa hesabu zake nyingi zilifanywa hadharani. Vietnam nitaigusa, na Afghanistan nitaifikia mwishoni.

Tarehe 10 Januari 2007 Rais George W. Bush wa Marekani alitangaza kwamba anapeleka Iraq askari zaidi ya 20,000. Zilikuwa brigedi tano kwa ajili ya Baghdad, pamoja na askari 4,000 wa Marine kwa mkoa wa Anbar. Vyombo vya habari vikaiandika 21,500, na ndiyo iliyobishaniwa kwa miezi. Lakini hiyo ilikuwa idadi ya wapiganaji tu. Brigedi yenye watu kama 3,500 haitembei peke yake: inafuatwa na polisi wa jeshi, mafundi wa magari, wahudumu wa afya, wafanyakazi wa helikopta, watu wa mawasiliano na madereva wa malori ya mafuta na maji. Ofisi ya Bajeti ya Bunge la Marekani ilikadiria mwezi Februari kwamba wapiganaji 20,000 wangehitaji wasaidizi kati ya 15,000 na 28,000, na kwamba kuwaweka wote huko miezi kumi na miwili kungegharimu dola bilioni 20 hadi 27. Wizara ya Ulinzi ilisema makadirio hayo yamezidi. Nyongeza ikaishia karibu na 30,000. Wanaounga mkono na wanaopinga walikuwa wamegombea tarakimu ambayo haikuwa ya upande wowote.

Sasa, kwa nini brigedi tano, si nane wala kumi? Mwongozo mpya wa jeshi kuhusu kupambana na uasi, uliotoka Desemba 2006 chini ya usimamizi wa Jenerali David Petraeus na mwenzake wa Marine, Jenerali James Amos, ulitaja kiwango cha walinzi 20 kwa kila wakazi 1,000. Baghdad ilikuwa na wakazi takriban milioni 6. Piga hesabu, utapata 120,000 kwa mji mmoja. Hapakuwa na jeshi la Marekani la kufikia hapo, kwa hiyo pengo lilizibwa kwa kuwahesabu askari na polisi wa Iraq. Baadhi yao ndio waliokuwa wakituhumiwa kushirikiana na vikundi vilivyokuwa vikiua raia kwa misingi ya madhehebu, Wasunni na Washia. Kwa maoni yangu hapa ndipo wapinzani wa nyongeza walipokuwa na hoja yao nzito kuliko zote, na waliitumia kidogo mno.

Brigedi tano zilitokana zaidi na zilizopatikana kuliko zilizohitajika. Ili brigedi moja iwe vitani bila kukatika, unahitaji nyingine inayojiandaa na nyingine iliyorudi kupumzika na kutengeneza vifaa. Ukiongeza tano vitani, unakula akiba ya zile zinazojiandaa. Dalili ilionekana haraka: tarehe 11 Aprili 2007 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alitangaza kwamba zamu ya wanajeshi wa nchi kavu itarefushwa kutoka miezi 12 hadi 15. Familia zilizokuwa zimeshahesabu siku za kurudi kwa watu wao zikaanza hesabu upya.

Brigedi hizo hazikufika kwa mkupuo pia. Ziliingia takriban moja kila mwezi, ya mwisho ikakamilika mwezi Juni. Chukua ile ya kwanza, iliyoingia Januari, uiongezee miezi 15: unafika Aprili 2008. Maana yake, hata mambo yangekwenda vipi, nyongeza ilikuwa lazima ianze kupungua masika ya 2008, isipokuwa zamu zirefushwe tena. Mjadala wa “wabaki hadi lini” ulikuwa na jibu kwenye kalenda ya jeshi kabla mbunge yeyote hajasimama kuzungumza.

Na wabunge walizungumza kweli. Tarehe 16 Februari Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuupinga mpango huo kwa kura 246 dhidi ya 182, Warepublican 17 wakiungana na Wademokrati. Azimio lile halikuwa na nguvu ya sheria. Lisingezuia hata lori moja. Siku iliyofuata, kwenye Seneti, kura 56 kwa 34 hazikutosha kufungua njia ya kulipigia kura, kwa sababu zilitakiwa 60. Kilichobaki kilikuwa mkoba wa fedha. Waliambatanisha ratiba ya kuondoka na muswada wa fedha za vita. Bush akautia kura ya turufu tarehe 1 Mei. Kesho yake Wawakilishi walijaribu kuivunja turufu hiyo wakapata 222 kwa 203, mbali sana na theluthi mbili. Mwisho wa Mei fedha zikatoka bila ratiba, zikiwa na vigezo 18 tu ambavyo serikali ya Iraq ilipaswa kuvitimiza.

Kwa nini wingi ule wa kura haukuzaa kitu? Kukata fedha wakati askari wameshafika uwanjani kunamfanya mbunge aonekane anawanyima risasi vijana wa jimbo lake. Rais anayetaka nyongeza huanza kuzipeleka brigedi mapema kwa sababu hiyo hiyo. Anayepinga akingoja muswada wa fedha, ameshachelewa.

Mwaka 1968 mambo yalikwenda kinyume, na tofauti ni ya kuangaliwa. Baada ya mashambulizi ya Tet, yaani yale makubwa ya wakomunisti wa Vietnam, majenerali waliomba askari 206,000. Gazeti la New York Times likaifichua idadi hiyo tarehe 10 Machi. Umma ulielewa kuwa wote ni wa Vietnam, kumbe karibu nusu walikusudiwa kujaza akiba ya jeshi kwa dharura za mahali pengine. Ila kilichoua ombi hakikuwa uvujaji peke yake. Waziri mpya wa Ulinzi, Clark Clifford, aliwauliza wanajeshi ikiwa idadi hiyo ingetosha na vita vingechukua muda gani, asipate jibu la kueleweka. Ombi lilikwama kabla brigedi haijapanda meli.

Turudi Iraq: je, nyongeza ilifanya kazi? Mei 2007 walikufa Wamarekani zaidi ya 120. Kufikia Desemba idadi ilishuka hadi chini ya 30. Waungaji mkono huishia hapo. Lakini masheikh, yaani viongozi wa makabila, wa Ramadi mkoani Anbar walianza kuigeuka al-Qaeda Septemba 2006, miezi minne kabla ya tangazo la Bush. Baadaye zaidi ya 90,000 wa vikundi vya namna hiyo, wengi wao wakiwa wapiganaji wa jana, walilipwa takriban dola 300 kwa mwezi kulinda mitaa yao. Agosti 2007 Muqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia mwenye wapiganaji wake mwenyewe, akasimamisha shughuli za jeshi lake. Na mitaa mingi ya Baghdad ilikuwa imeshatenganishwa kwa madhehebu, kwa damu. Mimi siamini brigedi hazikusaidia. Ziliwapa masheikh wale mgongo wa kuegemea. Ila anayezipa sifa zote anafuta nusu ya kisa. Kuhusu vile vigezo 18, wakaguzi wa serikali waliripoti Septemba 2007 kwamba vitatu vilitimia, vinne vilitimia kwa sehemu, na 11 havikutimia. Nyongeza iliwapa wanasiasa wa Baghdad muda, hawakuutumia inavyostahili.

Fundisho lililobebwa kwenda Afghanistan likawa ni ile nusu ya kisa inayohusu brigedi. Mwaka 2009 Jenerali Stanley McChrystal, kamanda wa majeshi kule, aliomba askari 40,000. Makamu wa Rais Joe Biden alitaka jeshi dogo la kuwinda al-Qaeda. Balozi wa Marekani huko, Karl Eikenberry, mwenyewe jenerali mstaafu aliyewahi kuongoza majeshi kule, aliandika Novemba kwamba Rais wa Afghanistan, Hamid Karzai, si mshirika wa kutosha, na kwamba askari zaidi wangeifanya serikali yake itegemee zaidi wageni. Tarehe 1 Desemba Barack Obama akatoa 30,000, na papo hapo akataja Julai 2011 kuwa mwanzo wa kuwaondoa. Ubishi ukahamia kwenye tarehe: wengine wakisema inampa Taliban kalenda, wengine wakisema bila tarehe Karzai hatashtuka. Hoja ya Eikenberry ikaachwa ilipo. Nyongeza yote ilikuwa imeondoka kufikia Septemba 2012, na Agosti 2021 serikali ya Kabul ilianguka tarehe 15, Wamarekani wa mwisho wakiwa bado uwanja wa ndege.

Nakaribisha maswali, hasa kutoka kwa wanaoitetea tarehe ya Obama.