Shamba la Bibi: uwanja wetu wa shangwe na wa misiba

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Niko na kaka yangu Hamisi, mtoto wa Temeke, na wiki hii mada ni yake. Kaka, umetuletea uwanja.

HAMISI: Nimewaletea Shamba la Bibi, dada. Nimekulia Chang'ombe, karibu kiasi kwamba bao likifungwa kelele zilitufikia kabla mtangazaji hajamaliza kutamka jina la mfungaji. Mzee yuko ndani na redio yake, RTD, anamsikiliza Ahmed Jongo. Sisi watoto tuko barazani tunausikiliza uwanja wenyewe.

NEEMA: Tuwaweke sawa vijana kwanza, maana ukitaja Taifa wao wanafikiria ule mkubwa.

HAMISI: Ule mkubwa, wa watu 60,000, umefunguliwa 2007, na tangu 2020 unaitwa Benjamin Mkapa. Ninaousema mimi ni ule mdogo wa jirani yake. Huo ndio uliokuwa Uwanja wa Taifa miaka yote, mpaka mwenzake alipojengwa ndipo ukapewa jina la Uwanja wa Uhuru. Na jina hilo linaustahili, kwa sababu uhuru wenyewe ulipokelewa pale.

NEEMA: Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961.

HAMISI: Saa sita kamili usiku. Taa zinazimwa, uwanja mzima giza. Bendera ya Mwingereza inashuka humo gizani. Taa zinapowaka, juu ya mlingoti kuna kijani, nyeusi na dhahabu. Mwalimu Nyerere yupo, gavana Turnbull yupo, mume wa Malkia, Philip, yupo. Hebu fikiria umekaa pale na watoto wako. Umeingia ukiwa mtu wa kutawaliwa, na utatoka kwa lango lile lile ukiwa mtu wa nchi yako.

NEEMA: Kwetu Kilimanjaro, bibi mzaa mama alikuwa na namna yake ya kuusimulia usiku ule. Hakuwahi kuutaja uwanja. Yeye alikuwa anasema "siku walipopeleka mwenge mlimani". Kwa sababu usiku huo huo Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kileleni na mwenge na bendera. Anasema walikaa nje wanautazama mlima, ingawa walijua moto wenyewe hawatauona.

HAMISI: Dar wanatazama mlingoti, kwenu wanatazama mlima. Hiyo sikuwahi kuifikiria.

NEEMA: Sasa hilo la Shamba la Bibi?

HAMISI: Unaujua msemo: shamba la bibi ni mahali ambapo kila mjukuu anajichumia tu, hakuna wa kumuuliza. Nilivyosimuliwa mtaani, ni kwa sababu mapato ya mlangoni yalikuwa yanachumwa hivyo hivyo.

NEEMA: Mimi nilisimuliwa ni kwa sababu ya wanaoruka ukuta.

HAMISI: Na wewe uko sawa, kila mtaa una yake. Ila mimi nalipenda jina hilo kwa sababu nyingine. Shambani kwa bibi ndiko ukoo wote unakokutana, wa harusi na wa msiba.

NEEMA: Basi tuanze na harusi. Ila 1977 usiitaje.

HAMISI: Dada, nitazungumziaje uwanja ule bila kutaja Simba 6, Yanga 0? Kibadeni peke yake matatu!

NEEMA: Haya, umeitaja, tuendelee. Mimi nisiyeshabikia Msimbazi nitataja ya kwenu nyingine ambayo baba yangu, Yanga damu, aliisimulia kwa heshima zote. Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika. Mufulira Wanderers wa Zambia wanakuja Dar wanaifunga Simba nne bila. Nyumbani! Watu wakajua imekwisha. Simba wanakwenda Lusaka na kushinda tano bila. Baba alikuwa anasema siku ile utani wa jadi uliwekwa kando mpaka kesho yake asubuhi.

HAMISI: Na mwaka huo huo Taifa Stars iliitoa Zambia hiyo hiyo ikaingia Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980. Moja bila hapa Dar, kisha sare Ndola, bao la Peter Tino. Zambia walitukoma mwaka ule.

NEEMA: Lakini wewe mwenyewe ulianza kuingia lini?

HAMISI: Novemba 1993. Nina miaka kumi na miwili. Fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella Abidjan. Kule Ivory Coast tumetoka bila kufungana, kwa hiyo kombe linaonekana limeshafika, bado kulibeba tu. Mjomba akaninunulia tiketi ya mzunguko. Tulifungwa mbili bila.

NEEMA: Pole.

HAMISI: Mpaka leo nikisimulia koo linakauka. Kelele zile nilizozizoea kutoka barazani hazikuwepo. Nilisikia viatu vya watu wakishuka ngazi. Mjomba hakusema neno mpaka tumefika nyumbani, akamwambia mama "mpe mtoto chakula", akaenda kulala. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa kimya. Niliona tena miaka sita baadaye, pale pale.

NEEMA: Oktoba 1999.

HAMISI: Mwalimu amefariki London tarehe 14. Mwili ukarudishwa, ukawekwa uwanjani tumuage. Foleni, dada, foleni! Mama zetu wa Temeke na khanga zao, wanafunzi na sare zao, wazee waliokuwepo 1961. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja, kila tukisogea hatua anavua kofia na kuivaa tena, kama vile kila hatua ndiyo ya mwisho. Alikuwa analia bila sauti. Pale ndipo nilipoelewa kwamba nchi hii ina sebule, na sebule yenyewe ni ile.

NEEMA: Na baadaye Mzee Mkapa, 2020, aliagwa pale pale. Sherehe za Desemba nazo, gwaride, halaiki za watoto. Halafu Rais Magufuli: ameapishwa Uwanja wa Uhuru tarehe 5 Novemba 2015, mwezi huo huo akafuta sherehe za Uhuru za Desemba, akasema siku hiyo tufanye usafi.

HAMISI: Na Machi 2021 akarudi pale akiwa kwenye jeneza.

NEEMA: Hapa naomba tuende polepole, kaka.

HAMISI: Tarehe 21 Machi. Watu walikuwa wengi kuliko uwanja unavyoweza kubeba, ni uwanja wa watu ishirini na kitu elfu. Kila mtu anataka kumuona. Kukatokea msongamano, na watu 45 wakafa, wakiwemo wa familia moja waliotoka nyumbani pamoja.

NEEMA: Walikwenda kuaga.

HAMISI: Walifanya nilichofanya mimi 1999. Hicho ndicho kinachonikaa moyoni. Nilisimama foleni ile ile nikarudi nyumbani, wao hawakurudi. Na tukiutaja uwanja ule tunataja bendera, tunataja Kibadeni, tunataja marais. Wale 45 tunawataja kama idadi.

NEEMA: Ungependa kifanyike nini?

HAMISI: Majina yao yaandikwe, pale pale uwanjani.

NEEMA: Upande gani? Jukwaa kuu?

HAMISI: Hapana, jukwaa kuu ni la wageni. Yaandikwe ukutani upande wa mzunguko, wanakopanga foleni watu wa kawaida, kwa urefu wa macho, ili anayesubiri lango lifunguliwe ayasome.

NEEMA: Na umri wa kila mmoja.

HAMISI: Na umri wa kila mmoja.