Gitaa la Besi Liuzwe na Karatasi Yake

Shikamooni wazee wangu. Kaka zangu, dada zangu, vijana wa kwaya na vijana wa bendi, habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kununua, kuuza na kukusanya magitaa ya besi hapa Dar es Salaam. Neno langu ni moja: kila gitaa la besi liuzwe na karatasi inayoeleza lilikotoka. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili Kariakoo, misibani, hata kwenye harusi nilizoalikwa kula pilau. Leo nitalisema tena, kwa sababu bado hatujalifanya.

Kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam zipo. Nyimbo za NUTA Jazz, za Mlimani Park, za Vijana Jazz, za Maquis, anayezitaka anazipata. Anamsikia mpiga besi akitembea taratibu chini ya waimbaji, kisha chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, likianza anasikia mkono ule ule ukiiamsha bendi nzima. Sasa niambieni, magitaa ya besi yaliyopigwa kwenye kanda zile yako wapi? Sitaki yote. Nitajieni moja, mnionyeshe, na mniambie mmejuaje kwamba ndilo lenyewe. Nimewauliza wazee waliozeekea kwenye majukwaa, na jibu halibadiliki: "Lilikuwepo."

Sababu mnaijua. Vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Wengine walipigia vyombo vya jeshi, vya polisi, vya shirika la umma, vya mwenye baa. Mpiga besi akihama bendi, na walikuwa wakihama hasa, aliliacha gitaa alikolikuta, akaenda kushika la mwenye vyombo mwingine. Kwa hiyo jina la mpigaji halikuambatana na gitaa lolote. Baadaye bendi inakufa, stoo inafunguliwa, vyombo vinatoka kimoja kimoja, leo amplifaya, kesho gitaa, na hakuna anayeandika chochote.

Nitawapa mfano mmoja, na nitakaa nao kwa sababu mambo yote yamo humo.

Kijana mmoja wa Mbagala, mpiga besi wa kanisani, aliniletea gitaa alilouziwa na dalali Kariakoo kwa laki sita. Rangi mpya kabisa, nyekundu katikati, nyeusi pembeni, inang'aa. Alitaka nimshushie nyuzi, zilikuwa juu mno, vidole vinamuuma. Nikafungua skrubu nne za nyuma, nikachomoa shingo. Pale inapokalia shingo kuna kishimo ambacho fundi rangi mvivu hakifikii. Ndani yake nikaiona rangi ya zamani: nyeupe iliyogeuka manjano kwa miaka. Nikajua gitaa hili limevuliwa nguo yake.

Nikafungua na bati la mbele, nikageuza vile vitufe vya sauti na toni nikavitazama mgongoni. Vijana, hapa sikilizeni vizuri. Vitufe vya magitaa ya Marekani ya zamani vina namba. Hivi vilikuwa na 1377012. Tarakimu tatu za mwanzo, 137, ni za mtengenezaji, kampuni ya CTS. Zinazofuata, 70, ni mwaka. Za mwisho, 12, ni wiki. Kitufe kilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 1970. Ukikuta waya zake hazijawahi kuguswa, risasi ya kiwandani iliyoziunganisha bado ipo palepale, basi gitaa haliwezi kuwa limetoka kiwandani kabla ya wiki hiyo. Linaweza kuwa limetoka miezi kadhaa baadaye, maana vitufe hukaa stoo, lakini kabla haiwezekani. Risasi ya lile gitaa ilikuwa haijaguswa.

Kwa hiyo kijana amekaa mbele yangu na gitaa la miaka ya 70 mwanzoni, na hajui. Dalali naye hakujua. Nikamfuata dalali, akanipeleka kwa fundi rangi. Fundi ni mtu mwema, hakunificha kitu. Akasema, "Mzee, nyuma lilikuwa na maandishi. Herufi, mkwaju (/), halafu namba. Maandishi ya shirika. Nikayapiga msasa." Herufi gani? Hakumbuki. Tatu au nne. Namba ngapi? Hakumbuki.

Nikamuuliza, kwa nini uliyafuta? Jibu lake ndilo lililonileta hapa leo. "Mteja akiona namba ya shirika, anadhani ni mali ya wizi."

Na hakukosea! Mteja angedhani hivyo. Nikaendelea kufuatilia, nikamfikia mama aliyemuuzia dalali. Marehemu mumewe alilinunua mnadani, vifaa chakavu vya shirika vilipouzwa, kwa halali, kwa risiti. Risiti ikapotea walipohama nyumba. Basi. Gitaa halali likageuka la kushukiwa kwa kukosa kipande cha karatasi, na kwa kushukiwa likapigwa msasa, na msasa ukaondoa alama pekee ambayo ingetuambia lilipigwa na bendi ipi, kwenye ukumbi upi, labda hata kwenye kanda ipi. Herufi tatu au nne! Wapo wazee hapa ambao wangeziona tu na kututajia waliolishika mmoja baada ya mwingine.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Gitaa kazi yake ni kulia. Likilia, historia ya nini?" Nimelijibu hili mara nyingi na bado linanikera. Haya, tuache historia, tuzungumze pesa. Wakusanyaji wa Marekani na Ulaya wakikuta gitaa la zamani limepakwa rangi upya hushusha bei, mara nyingi karibu nusu. Rangi iliyopauka, iliyochubuka pale mkono ulipokuwa unapumzika, ndiyo wanayoilipia. Sisi tunalipa fundi atuondolee thamani, kisha tunalalamika kwamba wazungu wanatununulia kwa bei ya kutupa. Anayejua anachonunua akikutana na asiyejua anachouza, bei ataipanga nani?

Na karatasi inafanya kazi hata kwa wizi. Paul McCartney, mpiga besi wa Beatles, alinunua gitaa lake la besi, Höfner, Hamburg mwaka 1961 kwa takriban pauni 30. Ikaibiwa London mwaka 1972, kutoka ndani ya gari. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba imepatikana. Zaidi ya miaka 50! Watu waliitafuta kwa sababu ilikuwa inatafutika: picha zipo, alama zake zinajulikana, pikapu zake mbili, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zimekaa karibukaribu upande wa shingo, na kampuni iliyoitengeneza ikathibitisha. Sasa mchukueni James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, mkono uliofundisha dunia nzima. Besi yake ya Fender, aina ya Precision ya 1962, iliibiwa siku chache kabla hajafariki mwaka 1983. Hadi leo haijaonekana. Nyie mnaoibiwa magitaa kwenye daladala na nyuma ya jukwaa, mkifika polisi mnaulizwa namba yake, mnasema "ni nyeusi, ina nyuzi nne." Afande akusaidieje?

Karatasi ninayoitaka si kubwa. Namba ya kiwandani. Picha ya mbele, ya nyuma, na ya kichwa. Kilichobadilishwa na kisichobadilishwa: pikapu, daraja linaloshika nyuzi, vitufe, rangi. Jina la aliyekuuzia na aliyemuuzia yeye, hadi mnapofika. Kama lilikuwa la bendi, bendi gani na ukumbi gani. Sahihi mbili na tarehe. Ukibadilisha pikapu, ile ya zamani iweke kwenye mfuko, ifuatane na gitaa. Usiitupe, usimpe mtoto achezee. Na kama nyuma kuna namba ya shirika, iache! Ipige picha na uieleze kwenye karatasi.

Mtu ataniambia karatasi inaghushiwa. Inaghushiwa, ndiyo. Jina la kampuni kwenye kichwa cha gitaa je, halighushiwi? Stika ya jina kubwa inachapishwa mjini hapahapa asubuhi na jioni iko kwenye kichwa cha gitaa. Muongo wa karatasi ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu karatasi lazima ikubaliane na mbao. Precision Bass ilitoka mwaka 1951, na ile pikapu yake iliyokatwa vipande viwili ilikuja mwaka 1957. Mtu akikuletea Precision "ya mwaka 1955" yenye pikapu ya vipande viwili, ama pikapu imebadilishwa au mwaka umetungwa, na lazima akueleze ni lipi. Jazz Bass, besi nyingine ya Fender, ilianza mwaka 1960. Ukiambiwa hii ni ya 1958, mrudishie gitaa lake kwa heshima uondoke. Chomoa shingo, soma mwishoni pale kwenye mbao kama kuna mhuri au maandishi ya penseli ya tarehe, soma vitufe, linganisha. Muuzaji asiyekubali shingo ichomolewe huna haja ya kubishana naye.

Wengine watasema hii ni kazi ya Makumbusho ya Taifa. Makumbusho haiwezi kuhifadhi gitaa ambalo hakuna awezaye kulitambua. Ikipelekewa lile gitaa la kijana wa Mbagala leo, iandike nini chini yake? "Gitaa jekundu"? Sisi wanunuzi na wauzaji ndio tunaolipitisha mkononi kila mwaka, kwa hiyo kuandika ni kazi yetu kwanza.

Na yule anayeniuliza kila mara kwa nini tusiunde magitaa yetu kwa mpingo, nakusikia, mdogo wangu. Mpingo unatoka Kilwa na kwingineko kusini, unavuka bahari, unakuwa klarineti na obo. Kwa mwili wa gitaa ni mzito mno, bega litakufa, lakini ubao wa vidole wa mpingo ni mali safi. Tuundeni. Siku mkiunda la kwanza, liandikeni namba na tarehe.

Muda unakwenda, nilikuwa nimepanga kusema mengi kuhusu vifaa vingine. Nitapita haraka. Amplifaya: soma mgongoni kabla ya kuchomeka. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, hapa kwetu tuna 230. Bila transfoma umenunua moshi. Usidanganywe pia na spika ndogo dukani. Uzi wa chini wa besi unatetemeka mara 41 kwa sekunde, na ule wa chini wa besi ya nyuzi tano mara 31, na spika ndogo haiwezi kuutoa kwa nguvu ukumbini hata kama inapiga kelele nzuri kaunta.

Joto na unyevu wa pwani: nyuzi nne zinavuta shingo kwa uzito unaozidi kilo 70, mchana na usiku. Ukiliacha gitaa kwenye buti la gari Ubungo saa saba mchana, shingo itakuonyesha. Chuma cha ndani ya shingo kizungushwe robo tu kwa wakati, kisha usubiri, na kama hujui mpelekee anayejua. Futa nyuzi ukimaliza kupiga, jasho na hewa ya chumvi zinakula chuma. Kuhusu aina za nyuzi, naacha, tutagombana hadi usiku.

Kwa wakusanyaji, neno moja. Mna magitaa ndani, mengine yamefungiwa miaka. Sijawaambia muuze. Ninachoomba, mwiteni mpiga besi kijana aje alipige mbele yenu, na mwiteni mzee mmoja aje aliangalie. Wazee wanaotambua vyombo hivi kwa macho wanapungua, na wakiondoka hata karatasi yangu haitakuwa na cha kuandikwa. Hili ndilo linaloniharakisha, wala si biashara. Mzee akisema "hili nililiona kwa bendi fulani," andika maneno yake, tarehe, na jina lake akikubali. Kama hana uhakika, andika kwamba hana uhakika. Nusu ya ushahidi iliyoandikwa kwa ukweli inaweza kukutana na nusu nyingine kwa mtu mwingine.

Kijana wa Mbagala, kwa mnaotaka kujua, bado analo. Nimemkataza kulipaka tena. Tumelipiga picha, tumeandika namba za vitufe, maneno ya fundi rangi na maneno ya yule mama, naye akaweka sahihi. Akiliuza kesho, mnunuzi atajua anachokosa na anachopata.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Waliokuja na magitaa, yaleteni mezani hapa mbele, bisibisi ninazo na kamera ya simu inatosha. Fomu zimechapishwa, ni za bure. Wazee tafadhali kaeni viti vya mbele, tutayageuza moja moja mgongo juu myaangalie. Maswali tutayajibu huku kazi ikiendelea.