Kuba Lililojengwa Bila Mirunda

Haya, naonekana? Ngoja niiegemeze simu kwenye hili jiwe... Sawa. Habari zenu ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Karibuni tena. Leo mtanivumilia, bado natweta. Nimetoka kupanda ngazi 463, na lifti hakuna. Sehemu nyingine njia ni nyembamba hadi mkikutana na anayeshuka, mmoja anajibanza ukutani kama mjusi. Stendi ya kamera nimeambiwa niiache chini, kwa hiyo za huko juu nimepiga kwa mkono unaotetemeka, msinicheke.

Nipo Florence, Italia. Hilo jekundu nyuma yangu ni kuba la kanisa kuu, Santa Maria del Fiore. Mmeshaliona kwenye picha, najua. Mimi pia nililiona kwenye picha miaka mingi, nikawa nasema zuri, napita. Leo nimeingia ndani ya kuba lenyewe, kwenye nafasi kati ya ngozi yake ya nje na ya ndani, ndiyo nimeelewa kwamba nilikuwa sijaliona.

Kuna mdogo wangu mmoja anasoma usanifu majengo, aliniandikia wiki iliyopita: kaka, hawa wasanifu wakubwa maono wanayapata wapi? Wanakaaje wakawaza umbo ambalo halijawahi kuwepo? Nikamwambia subiri, nitakujibu kwa video. Sasa dogo, kaa hapa.

Nyinyi mliowahi kujenga mnajua habari ya mirunda. Ukitaka kumwaga zege la ghorofa, unasimamisha mirunda chini, unapanga mbao juu, unafunga nondo, halafu unamwaga. Zege likishika unatoa mirunda, kitu kinabaki juu chenyewe. Tao la matofali ni hivyo hivyo: unatengeneza fremu ya mbao yenye umbo la tao, unapanga matofali juu yake, na mpaka lile la katikati liingie, fremu ndiyo inabeba kila kitu.

Hawa jamaa wa Florence walianza kanisa lao mwaka 1296. Mwaka 1367 wakakubaliana rasmi juu ya kuba: pande nane, upana wa zaidi ya meta 40, na kuanzia kupinda kwenye kimo cha zaidi ya meta 50 kutoka chini. Wakajenga kuta mpaka hapo. Kisha? Tundu. Mbao za kutengeneza fremu ya ukubwa ule zingetoka msitu gani? Na hata zikipatikana, uzito wa mbao zenyewe ungeweza kuiangusha fremu kabla tofali la kwanza halijafika. Kwa miaka 50 hivi mji mzima ulijua kuba lake litakuwa na ukubwa gani, na hakuna hata mmoja aliyejua litajengwaje. Hebu fikiria unasali miaka yote hiyo chini ya deni la babu yako.

Mwaka 1418 wakatangaza shindano. Inasimuliwa kwamba mmoja alipendekeza kanisa lijazwe udongo mpaka juu, kuba lijengwe juu ya kichuguu hicho, na ndani ya udongo vichanganywe vipande vya fedha, ili baadaye watu wauzoe wenyewe kwa tamaa. Kama hadithi hii ni ya kweli au ya kutunga, shida yenyewe ilikuwa kubwa kiasi hicho.

Akaja Filippo Brunelleschi. Kwa ufundi alikuwa sonara. Miaka 17 nyuma, 1401, alishindania kazi ya milango ya shaba ya jengo la ubatizo, lile pale, mnaliona? Akashindwa na kijana mwenzake, Lorenzo Ghiberti. Sasa anakuja kusema: nitalijenga kuba hili bila fremu ya kutoka chini. Wakamwona kichaa. Wakamwambia eleza, akagoma kueleza yote, maana aliogopa kuibiwa. Mwisho wakampa kazi, ila wakamwekea msimamizi mwenza. Nani? Ghiberti yuleyule! Nimecheka mwenyewe.

Sasa angalieni picha hii, naiweka hapo kwenye kioo. Huu ni ukuta niliopita karibu yake leo hadi nikaugusa. Matofali yamelala kwa mistari, kama kawaida. Lakini kila baada ya machache yaliyolala, kuna moja limesimama wima. Mstari unaofuata, nalo limesimama, limesogea kidogo pembeni. Ukifuata kwa kidole yale yaliyosimama, unaona yanapanda kama ngazi ya kuzunguka. Mafundi wa hapa wanauita mpango huu mfupa wa samaki.

Kazi yake ni hii. Kuba likipanda linainamia ndani. Tofali unaliweka kwenye chokaa mbichi, juu ya mteremko, na chini yako kuna shimo la meta zaidi ya 50. Litateleza. Lile lililosimama limekamatwa na mistari ya chini ambayo chokaa yake imeshakauka, kwa hiyo linawabana wenzake wasiondoke mpaka chokaa yao ishike. Na mstari ukishafunga duara, umejishika wenyewe. Fikirieni watu waliosimama kwa duara, mabega kwa mabega, wote wakaegemea ndani. Nani ataanguka? Kila mmoja anamzuia jirani.

Kwa hiyo mirunda aliificha ndani ya ukuta. Kila mstari ulikuwa fremu ya mstari unaofuata.

Halafu akalifanya kuba mawili: la ndani nene, la nje jembamba la kulinda mvua, na ngazi nilizopanda mimi zinapita katikati. Ndani ya kuta akazungusha minyororo ya mawe yaliyoshikizwa kwa chuma, pamoja na mmoja wa mbao, kama pete za pipa, zizuie kuba lisitanuke kwa uzito wake.

Na mashine! Hapa ndipo nilipompenda. Mizigo ilikuwa inavutwa juu na maksai wanaozunguka chini. Ukitaka kushusha, kwa kawaida inabidi uwafungue, uwageuze, uwafunge tena. Yeye akaweka magurudumu mawili ya meno kwenye mti mmoja, moja juu, moja chini. Unazungusha skrubu, la juu linaachia, la chini linashika, na kamba inaanza kwenda upande wa pili huku maksai wanatembea vilevile, hawana habari. Miongo kadhaa baadaye Leonardo da Vinci, akiwa kijana, alikuwa anachora mashine hizi kwenye daftari zake.

Walianza Agosti 1420, kanisa likawekwa wakfu Machi 1436. Karibu miaka 16. Msidhani lakini kila alichokigusa kilikubali. Alitengeneza jahazi kubwa la kusafirisha marumaru kwenye mto Arno, akapewa na hati ya kumlinda asiigwe. Likapotea mtoni na shehena yake. Ghiberti nadhani siku hiyo alilala vizuri.

Sasa dogo, rudi kwenye swali lako. Umbo la kuba hili Brunelleschi alilikuta. Lilipitishwa kabla hajazaliwa. Maono yake yalikuwa kwenye "litajengwaje". Na nikianza kuwapitia wengine ninaowapenda, nawakuta hapohapo.

Nendeni Lalibela, Ethiopia. Makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba, yanayohusishwa na mfalme Lalibela, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa 13. Yale hayakupanda, yalishuka. Wanachimba mtaro kuzunguka mwamba, linabaki pande moja la jiwe, halafu wanalichonga kuanzia paa kwenda chini, kisha wanaingia ndani wanatoa mawe mpaka nguzo zinabaki zimesimama. Kanisa la Mtakatifu Giyorgis lina umbo la msalaba na paa lake liko sawa na ardhi unayokanyaga. Jukwaa la nini wakati ardhi yenyewe ndiyo jukwaa? Ila fundi wa matofali akikosea anabomoa mstari mmoja. Yule wa Lalibela akikata nguzo vibaya, hana jiwe jingine. Ujasiri ule mimi sina.

Au Antoni Gaudí, msanifu wa Barcelona, Hispania. Subiri, nina mkufu hapa... Naushika ncha mbili, naachia katikati ininginie. Mnaona umbo? Sikulichora mimi, uzito umelichora. Kila pete inavutwa tu. Sasa nageuza simu kichwa chini. Hilo hapo, tao! Kile kilichokuwa kinavutwa sasa kinabanwa, na jiwe linapenda kubanwa, linachukia kuvutwa. Gaudí alitengeneza kielelezo cha kanisa zima kwa njia hii, kwa ajili ya Colònia Güell, kijiji cha wafanyakazi wa kiwanda karibu na Barcelona: kamba zinaning'inia kutoka darini, zimefungiwa vifuko vyenye vipande vidogo vya madini ya risasi kufuata uzito ambao kila sehemu ingebeba. Akapiga picha, akageuza picha juu chini, akawa na jengo lake. Ilimchukua kama miaka 10, na kanisa lile likaishia sehemu ya chini tu. Maarifa yale akayapeleka kwenye kanisa lake kubwa la Barcelona, Sagrada Família, akafa kabla halijaisha. Mwaka 1926 aligongwa na tramu, na kwa mavazi yake watu wakamdhania ombaomba.

Wapo waliokwenda kinyume. Jørn Utzon wa Denmark alishinda kwa mchoro mwaka 1957, yale magamba ya paa la ukumbi wa opera wa Sydney, Australia, na ujenzi ukaanza bila yeyote kujua yatasimamaje. Miaka ikapita ndipo likapatikana jibu: magamba yote yakatwe kwenye mpira mmoja, kama maganda ya chungwa moja, ili vipande vyake viweze kumiminwa kwa fomu zilezile. Jibu zuri sana. Ila gharama na ugomvi vilikuwa vimeshapanda, akaondoka 1966, na jengo lilipofunguliwa 1973 hakuwepo. Hakurudi tena kuliona.

Wa mwisho, na huyu naomba mnisikilize, maana ni mtu wa ughaibuni kama mimi. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando, Burkina Faso. Alikwenda Ujerumani kusomea useremala, akaendelea mpaka usanifu, Berlin. Akiwa bado mwanafunzi akachangisha fedha kwa wenzake ili akajenge shule kijijini kwao. Watu wa kijiji wanamsubiri mtoto wao aliyesoma Ulaya. Anakuja anawaambia: tutajenga kwa udongo.

Mnaweza kuona nyuso zao. Udongo? Ambao kila mvua ikinyesha unamomonyoka? Ndiyo tuliokutuma ukasomee?

Akawaonyesha. Udongo wakauchanganya na saruji kidogo, wakaushindilia kuwa matofali. Juu ya madarasa akaweka dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na bati akaliinua juu, mbali na dari, kwenye fremu nyepesi za nondo za kawaida zilizochomelewa palepale. Hewa ya moto inapanda, inapita kwenye dari, inatokea chini ya bati, na bati limetokeza nje vya kutosha kuzuia mvua isiziguse kuta. Hakuna feni. Yeye mwenyewe alisoma kwenye darasa la joto lisilo na mwanga, alijua anachokikimbia. Na kila kazi aliichagua kwa kuuliza nani ataifanya: wanaume wakajifunza kufyatua na kuchomelea, wanawake wakashindilia sakafu kwa mikono mpaka ikawa laini. Shule ilikamilika 2001. Mwaka 2004 ikapata tuzo ya usanifu ya Aga Khan, na 2022 Kéré akapewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Kila nikisimulia habari hii kuna mtu ananiambia, sawa, lakini ni shule ya kijijini, huwezi kuiweka sahani moja na kuba hilo. Naweza. Mmoja alikosa mbao, mwingine alikosa karibu kila kitu, na wote wawili ukosefu ndio uliowachorea jengo.

Betri imebaki kidogo. Twendeni hapa mbele niwaonyeshe kitu kimoja kabla simu haijazima... samahani mama, napita... Hapo. Hiyo ni sanamu ya Brunelleschi, iliwekwa karne ya 19. Amekaa, kichwa amekiinua, anaangalia kuba lake. Sasa tazameni mapajani. Mmeona? Wamempakatisha ramani ya kuba, na bikari mkononi.

Hakuacha ramani. Hata moja ya kueleza kuba lile hakuacha, na wasomi mpaka leo wanabishana mambo mengine aliyafanyaje. Halafu aliyemchonga akaona hawezi kumwacha mikono mitupu. Nimemwangalia kwa muda, na nikawaza angekuwa hai angeuliza hiyo karatasi imetoka wap—